Nasaba ya Vazi: Ufuatiliaji wa Kidijitali wa Nguo Ukitazamwa kutoka Zuzu

1.0 Utangulizi

Zuzu ni kata mojawapo ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, katika nyanda kavu za Ugogo. Watanzania wengi wa leo huitambua kwa kituo kikubwa cha kupoza umeme kilichojengwa huko. Wasafiri wa zamani waliitambua zaidi kwa Reli ya Kati, ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, marobota ya pamba ya Usukuma yalianza kupita hapo yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Zuzu yenyewe si nchi ya pamba; ni nchi ya uwele, mtama na zabibu. Hata hivyo imekuwa njia ya pamba kwa muda unaokaribia miaka mia moja, ijapokuwa siku hizi shehena nyingi husafirishwa kwa malori.

Pamba hupita ikiwa nyuzi ghafi ikielekea mashariki. Kutoka mashariki hurudi nguo, nyingi zikiwa mitumba. Kati ya kwenda huko na kurudi huku hupita mabara mawili au matatu, viwanda kadhaa na mikono ya watu wasiohesabika, na hakuna aliyeko upande huu wa reli awezaye kusema kama fulana iliyoanikwa kwenye kamba uani ilitokana na pamba ya Meatu, ya India au ya Marekani. Makala haya yanaeleza jitihada za miaka ya karibuni za kulifanya vazi liweze kusimulia safari yake kwa njia ya kidijitali, yanaonesha mahali ambapo simulizi hiyo hukatika, na yanajadili istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili jambo lenyewe lijadiliwe na wale linaowagusa.

2.0 Nguo na alama za asili yake

Haja ya kujua nguo imetoka wapi si ngeni katika nyanda hizi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kabla ya kuruhusu msafara kutumia maji na njia. Hongo ililipwa hasa kwa nguo. Vipimo vilijulikana na pande zote mbili: shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa shuka mbili, na jora la merikani lilikaribia doti saba na nusu. Aina nazo zilijulikana: merikani nyeupe isiyopaushwa, kaniki ya rangi ya nili, na nguo za rangi zenye majina mengi. Msafara uliotoa nguo hafifu ulicheleweshwa siku kadhaa za majadiliano, nao ulikula akiba yake ya chakula wakati ukisubiri. Kwa hiyo kuitambua nguo kwa macho na vidole lilikuwa suala la njaa na shibe.

Neno merikani linastahili kutazamwa kwa makini. Nguo hiyo ilipewa jina la nchi ilikofumwa, yaani Marekani, hususan viwanda vya Massachusetts, ambavyo wafanyabiashara wa Salem walileta nguo zake Unguja. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na nafasi ya nguo za Massachusetts ikachukuliwa na nguo za Uingereza na baadaye za Bombay zilizofumwa kwa kuiga. Wateja waliendelea kuziita merikani. Jina lililokuwa ushahidi wa chimbuko likawa jina la aina tu, na tangu hapo halikumwambia mnunuzi lolote kuhusu kiwanda. Hili ndilo tatizo la msingi la kila lebo: maneno hubaki, kitu hubadilika.

Khanga ilijaribu njia nyingine. Mbali na jina lake, yaani msemo ulioandikwa chini ya mji, khanga nyingi zimebeba pambizoni alama ya mwenye mchoro. Mashuhuri zaidi ni ile ya kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, K.H.E. Mali ya Abdulla, ambayo wanawake wa pwani na bara waliisoma kama dhamana ya ubora. Hapa alama imechapwa katika kitambaa chenyewe. Haichanwi kwa mkasi kama lebo ya shingoni, wala haipotei hadi khanga ichakae. Lakini nayo ilimtaja mfanyabiashara peke yake. Mkulima wa pamba hakuwamo, wala mfumaji, wala mtia rangi.

3.0 Mahali pamba inapopotelea

Ili kuelewa ugumu wa ufuatiliaji, hapana budi kuifuata pamba hatua kwa hatua. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga huvuna kwa mkono, hutenganisha pamba safi na pamba fifi, kisha huipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Huko hupimwa, na jina la mkulima pamoja na uzito huandikwa. Hii ndiyo hatua ya mwisho ambapo pamba ina mwenyewe anayejulikana kwa jina. Ikishamwagwa katika lundo la ghala, imekuwa pamba ya chama. Ikifika kwenye kiwanda cha kuchambua, huchanganywa na ya vyama vingine, mbegu hutolewa, na nyuzi hushindiliwa katika robota la kilo 180 na ushei.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha ukubwa wa mchanganyiko huo. Theluthi moja tu ya uzito wa pamba mbegu ndiyo huwa nyuzi. Robota moja kwa hiyo huhitaji zaidi ya kilo 540 za pamba mbegu. Mkulima anayevuna kilo 200 katika ekari moja hawezi kulijaza peke yake. Hata lingejazwa kwa utaratibu wa kufuatana, lingekuwa na mazao ya watu watatu. Kwa kuwa kiwandani hakuna utaratibu wa kufuatana bali kuna lundo, robota moja laweza kubeba pamba ya makumi ya kaya. Ndiyo maana ufuatiliaji wa pamba, tofauti na ule wa redio au gari, huishia kwenye kundi na haumfikii mtu mmoja. Anayeahidi kumwonesha mnunuzi wa Ulaya picha ya mkulima yule yule aliyelima pamba ya shati lake anaahidi zaidi ya kile mashine inachoruhusu.

Mchanganyiko wa pili ni mkubwa zaidi. Kila robota hutoka kiwandani na namba yake, lakini msokotaji nyuzi huyafungua marobota mengi kwa pamoja na kuyachanganya makusudi, mara nyingi yakiwa ya nchi mbalimbali, ili uzi uwe na urefu na nguvu zinazolingana. Huo ni ufundi wa kawaida, wala si udanganyifu. Hata hivyo ndipo jina la Tanzania linapofutika. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii huuzwa nje kabla ya kusokotwa, hivyo kufutika huko hutokea mbali na macho ya Bodi ya Pamba, ya ushirika na ya mkulima.

Kuna njia mbili za kukabiliana na hali hii. Ya kwanza ni kuitenga pamba tangu shambani hadi dukani, ghala lake, zamu yake ya mashine, na nyaraka zake. Ya pili ni kuruhusu ichanganyike lakini kuweka hesabu: kiwanda kilichonunua tani kumi za pamba yenye sifa fulani huruhusiwa kuuza uzi wenye sifa hiyo kwa kiasi kinacholingana na tani hizo, bila kujali nyuzi zenyewe zimekwenda wapi. Mpango wa Cotton made in Africa, ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2005 na unaofanya kazi Tanzania pia, hutoa nafasi kwa njia zote mbili. Mnunuzi wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa kutazama lebo, na tofauti yake ni kubwa. Katika njia ya pili, fulana yenye alama ya Afrika yaweza isiwe na hata uzi mmoja wa Afrika, ijapokuwa fedha yake imesaidia kilimo cha huko.

4.0 Msimbo na pasipoti ya bidhaa

Vyombo vya kidijitali vinavyotumika leo vina historia fupi. Msimbo pau ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza Juni 26, 1974 huko Troy, Ohio, nchini Marekani; bidhaa iliyosomwa ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Msimbo wa namna hiyo husema bidhaa hii ni ya aina gani, na tarakimu 620 zinazotangulia katika bidhaa nyingi za Tanzania huonesha tu kwamba namba hiyo ilisajiliwa nchini. Watu wengi huzichukulia kuwa uthibitisho wa mahali bidhaa ilipotengenezwa, jambo ambalo si sahihi. Msimbo wa QR, ule wa vijiraba unaosomwa kwa kamera ya simu, ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kikundi cha Masahiro Hara katika kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Huo una nafasi ya kubeba anwani ya intaneti, na kwa anwani hiyo kila kipande kimoja cha nguo chaweza kupewa ukurasa wake.

Kilichozidisha haja ya vyombo hivi ni misiba na sheria. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji. Baada ya msiba huo zilitafutwa lebo katika kifusi ili kujua ni kampuni zipi zilizokuwa zikishonewa humo, kwa kuwa baadhi ya kampuni zenyewe hazikuwa na hakika. Mwaka 2022 sheria ya Marekani inayozuia bidhaa zinazotokana na kazi ya kulazimishwa katika jimbo la Xinjiang, China, ilianza kutekelezwa, nayo inamtaka mwagizaji athibitishe pamba yake imetoka wapi. Kisha Umoja wa Ulaya ukatunga Kanuni namba 2024/1781, iliyoanza kuwa na nguvu Julai 18, 2024. Kanuni hiyo inazuia kampuni kubwa kuteketeza nguo zisizouzika kuanzia Julai 19, 2026, na inaweka msingi wa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa. Nguo ni miongoni mwa bidhaa za mwanzo zilizopangwa kuwekewa masharti hayo.

Pasipoti hiyo kimsingi ni mambo matatu: utambulisho wa pekee wa bidhaa, kibeba taarifa kama msimbo wa QR kilichoambatishwa kwenye vazi, na hifadhi ya taarifa zinazofunguliwa kwa msimbo huo. Taarifa zaweza kuhusu malighafi, kemikali, uimara, na namna ya kulitengeneza vazi au kulirejesha kuwa nyuzi. Si kila mtu huoneshwa kila kitu. Mteja, fundi na mkaguzi wa forodha wanaweza kuwa na milango tofauti.

Hapa inafaa kuonya dhidi ya imani kwamba kompyuta huondoa udanganyifu. Daftari la kidijitali, hata lile la blokicheni ambalo haliwezi kubadilishwa kirahisi baada ya kuandikwa, hutunza kwa uaminifu kile lilichoambiwa. Likiambiwa uongo, litautunza uongo kwa uaminifu ule ule. Mwaka 2020 wasimamizi wa kiwango cha kimataifa cha nguo za asili hai waligundua tani 20,000 za pamba ya India iliyopewa hadhi hiyo kwa vyeti vya kughushi. Ndiyo maana baadhi ya wanunuzi sasa hupima nyuzi zenyewe katika maabara, wakitafuta dalili za udongo na maji ya mahali pamba ilipokua.

5.0 Mizani ya mkulima

Mfano wa karibu wa ufuatiliaji uliofaulu uko Meatu, katika Mkoa wa Simiyu. Tangu mwaka 1994 mradi wa bioRe, unaohusiana na kampuni ya Remei ya Uswisi, umekuwa ukinunua huko pamba iliyolimwa bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Pamba hiyo hutengwa na nyingine, wakulima hupata ushauri na nyongeza ya bei, na vazi linalotokana nayo huwa na namba ambayo mnunuzi akiitumia kwenye intaneti huoneshwa hatua zilizopitiwa. Mradi huu ulianza wakati ambapo simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika vijijini. Ulijengwa kwa madaftari, maghala tofauti, na mabwana shamba waliowajua wakulima kwa majina. Teknolojia ilikuja baadaye kuonesha kilichokuwa tayari kinafanyika. Wale wanaotaka kuanza na programu kabla ya ghala wangefaa kuutafakari mpangilio huo.

Gharama ni jambo jingine. Kulipima shamba kwa satelaiti, kumsajili mkulima, kununua mizani ya kielektroni na kumlipa karani ni matumizi yanayofanyika upande wa shamba, ilhali heshima ya uwazi huvunwa upande wa duka. Fulana ya gramu 150 inabeba pamba mbegu isiyozidi nusu kilo hivi. Hata bei ya pamba ingeongezwa kwa sehemu kubwa, bei ya fulana dukani isingetikisika. Lakini anayeombwa kuthibitisha usafi wake kwanza ni mwenye ekari mbili. Asipoweza, hapewi adhabu yoyote, ila pamba yake huachwa, jambo ambalo kwake ni adhabu tosha.

Swali la nani anamkagua nani lina historia katika nchi ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo vilikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Madai yao yalikuwa ya uwazi, nao uwazi huo ulikwenda juu: mkulima alitaka kuona hesabu ya mnunuzi. Ufuatiliaji wa kidijitali wa leo, kwa sehemu kubwa, huangalia chini. Mnunuzi wa Zurich anaweza kuona kijiji, pengine hata mipaka ya shamba. Mkulima haoni robota lake liliuzwa kwa nani wala kwa bei gani. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia msimbo ule ule kusomwa kutoka upande wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa Mtanzania haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na wakulima waliosajiliwa katika mifumo hii wamo ndani ya haki hiyo.

6.0 Kuhusu istilahi

Mjadala huu ukiendeshwa kwa lugha za kigeni peke yake, mkulima atabaki kuwa kitu kinachofuatiliwa. Kiswahili kina uwezo wa kutosha, ila maneno yanahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu.

Neno ufuatiliaji linataja kazi ya mtu anayefuatilia. Lakini sifa ya kitu kuweza kufuatiliwa ni dhana nyingine, na mnyambuliko wa kauli ya kutendeka unatupatia ufuatilikaji. Tofauti hiyo si ya kinahau tu. Kampuni inaweza kuwa na ufuatiliaji mwingi, wakaguzi na fomu, ilhali bidhaa yake haina ufuatilikaji kwa sababu ya mchanganyiko uliokwisha kuelezwa.

Pasi lina utata wa kuchekesha. Hati ya kusafiria huitwa pasi katika vitabu vingi, lakini pasi ya nguo kwa kila mtu ni chombo cha kunyoshea nguo. Katika muktadha wa mavazi pasipoti ni salama zaidi. Hati ya nasaba ya bidhaa ni nzuri zaidi, kwani nasaba hudai vizazi vyote vitajwe. Uendelevu limeshazoeleka katika maandishi ya maendeleo tangu miaka ya 1990 na halina haja ya kubadilishwa. Mnyororo wa ugavi nalo limeenea, ingawa neno mnyororo katika njia ya misafara hukumbusha pingu za watumwa. Wapo wanaoweza kupendelea msururu. Lakini pengine ukali wa mnyororo unafaa kubaki, maana ndani ya msururu huo wamo pia watu wasio huru.

7.0 Mtumba unaporudi

Katika kamusi za zamani mtumba ni mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi wa msafara. Nguo zilizokuwa ndani yake zilikuwa mpya. Baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, neno hilo hilo, katika wingi wake, likawa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuziondoa hatua kwa hatua. Shinikizo la kibiashara la Marekani lilizirudisha nyuma nyingi, na Rwanda, iliyoshikilia msimamo, ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya ushuru kwa mavazi yake.

Robota la mitumba linalofunguliwa katika masoko ya Dodoma lina cheo cha ubora na uzito wake, basi. Muuzaji hununua bila kuona kilichomo. Akikuta nusu yake ni matambara, hana wa kumdai. Sheria mpya ya Ulaya kuhusu taka, namba 2025/1892, iliyoanza kuwa na nguvu Oktoba 16, 2025, inawataka wenye viwanda wagharamie ukusanyaji wa nguo zilizotumika, na inataka zichambuliwe kabla ya kusafirishwa nje. Msimbo ukibaki katika vazi, mwenye kibanda angeweza kwa simu yake kujua ni pamba tupu au ni mchanganyiko wa plastiki, na fundi cherehani angejua kitambaa kitavumilia joto gani. Aidha ingejulikana ni kampuni ipi iliyotengeneza nguo zinazoishia jalalani, ili nayo ichangie gharama za jalala hilo.

Hayo yote yanategemea mambo madogo. Ukurasa unaofunguliwa na msimbo uwe bado upo miaka mitano au kumi baada ya vazi kuuzwa, na uwe katika lugha inayosomeka. Na lebo iwe haijakatwa, kwa sababu wavaaji wengi wa Ulaya huikata siku ya kwanza kwa kuwa inawasha shingo. Nguo inayofika Zuzu bila lebo huwa imeacha nasaba yake ndani ya kapu la taka la chumba fulani huko Hamburg au Leeds, na fundi wa hapo huirejea njia ya watemi: huisugua kati ya vidole, huunguza uzi mmoja kwa kiberiti, hunusa moshi. Ukinuka kama karatasi iliyoungua, ni pamba.